Ng'ombe wa Barua na Upepo wa Kajiado

Jumatatu, Septemba 1, 2003

Balaa! Barua ya Mama imefika kazini leo. Anakuja. Jumapili hii! Atakaa wiki moja. Anasema magoti yanamsumbua na kutoka Malava mpaka Kitengela si karibu, lakini lazima amwone Malkia kwa macho yake.

Malkia ni ng'ombe wangu. Mwekundu, kipaji cheupe, mpole, akikamuliwa huinua mguu wa nyuma kidogo. Lita tisa asubuhi, saba jioni. Amezaa mara mbili. Nimemwandikia Mama habari zake kwa miaka minne. Tatizo ni moja tu. Hayuko. Hajawahi kuwako. Nilimwandika mwaka wa tisini na tisa, siku Mama alipouliza nimefanya maendeleo gani huku, na mimi nilikuwa nimenunua redio. Niliona haya kuandika redio.

Caren, mke wangu, ameisoma barua akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hii ni yako, Baba Elsie, mimi kazi yangu itakuwa kupika chai ya rangi na kunyamaza.

Lakini mimi si mtu wa kukwama! Mchana, nikiwa stoo kwenye shamba letu la maua, nikaona tangazo limebandikwa juu ya mifuko ya mbolea. Kilabu kidogo cha gofu cha Kajiado kina harambee Jumamosi, kujenga zahanati. Kutakuwa na shindano la kupati. Kupati si ile ya kupiga mpira ukapotea mawinguni. Ni ule mchezo wa mwisho, wa kuusukuma polepole chini mpaka uingie shimoni. Mtu yeyote anaruhusiwa. Kiingilio ni mfuko mmoja wa simiti. Zawadi ya kwanza: ng'ombe wa maziwa!!

Nimesoma mara tatu. Nimeligusa lile neno kwa kidole. Ng'ombe wa maziwa, Jumamosi. Mama, Jumapili. Ni nani alipanga haya kama si Mungu?

Sijawahi kushika fimbo ya gofu. Lakini nimeona picha. Shimo ni kubwa kuliko mpira. Sioni ugumu wowote hapo.

Habari mbaya ya jioni: Maweu naye amejiandikisha. Maweu ni jirani yetu, mlango wa pili hapa ploti. Fundi saa. Mtu wa polepole kabisa, anaweza kutazama skrubu moja kuanzia chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana. Mwaka jana aliinua eriali ya televisheni yake ikapita yangu, na mpaka leo hajaomba msamaha.

Jumanne, Septemba 2

Nimepata fimbo! Sokoni, kwenye mitumba, katikati ya miavuli na magongo ya wagonjwa. Muuzaji alidhani ni ya kutolea utando wa buibui. Nikakubaliana naye haraka ili asije akafikiria zaidi.

Mazoezi jioni, kwenye ukumbi wa ploti. Shimo: kikombe cha bati cha Elsie, binti yangu, nimekilaza chini. Nimepiga mipira thelathini. Iliyoingia: hakuna. Mmoja ulipita chini ya mlango wa Maweu. Akaurudisha akiwa ameupangusa kwa kitambaa cha saa. Dharau hiyo.

Baada ya saa nzima ndipo Caren, aliyekuwa amekaa pale muda wote akichambua mboga, akaniambia fimbo yenyewe ni ya mtu wa mkono wa kushoto. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema alikuwa anafurahia. Basi, nitakuwa mwenye shoto mpaka Jumamosi. Watu wamefanya makubwa zaidi kwa ajili ya mama zao.

Halafu, muujiza! Nilinunua maandazi kwa Munyiva pale langoni, akanifungia na karatasi ya gazeti la kizungu. Nikala, nikaangalia mafuta yalivyochora karatasi, nikaona neno gofu. Ukurasa mzima unahusu kupati kwenye upepo! Unasema watu hudhani upepo husumbua ile mipira ya juu peke yake. Si kweli. Hata mpira unaotambaa chini husukumwa, na husukumwa zaidi pale mwisho, unapoishiwa nguvu karibu na shimo. Ardhi ikiwa ngumu na ya kuteleza, ndiyo mbaya kabisa. Upepo ukizidi unaweza hata kuuondoa mpira uliokuwa umetulia. Na humtikisa mpigaji mwenyewe. Halafu: "Kwa hiyo siri kubwa ya kupati kwenye upepo ni..."

Imechanika! Hapo hapo!

Nimekimbia kwa Munyiva na mdomo umejaa. Nusu ya pili alimfungia mteja mwingine, hakumbuki nani. Akaniambia yeye anauza maandazi, hauzi siri.

Hakuna neno. Upepo ni kitu ninachokijua. Mwaka wa kwanza Kitengela ulichukua karai letu, na mwaka wa pili ukachukua mlango wa choo nikiwa ndani. Siri nitaitafuta mwenyewe.

Jumatano, Septemba 3

Utafiti umeanza alfajiri. Nimefunga mifuko ya nailoni kumi na miwili kwenye kamba ya nguo ili nisome upepo. Kabla ya saa mbili mifuko imelala. Saa mbili inaamka. Kuanzia saa nne imesimama wima na inapiga kelele. Nimeandika yote kwenye daftari la shule la Elsie, kurasa za nyuma. Blauzi nyeupe ya Caren ya kwaya ilikuwa kwenye kamba hiyo hiyo, nikaisogeza chini kupisha sayansi. Imekuwa rangi ya barabara. Sitaandika alichosema.

Nikamwambia Lennox, msimamizi wangu, kwamba jino linaniua, nikaenda Kajiado kuuona uwanja.

Nimeshangaa. Nilitarajia majani kama kwenye picha. Hakuna! Pale maji ni ya watu na mifugo, kwa hiyo mahali pa kupatia ni duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukasawazishwa mpaka unang'aa. Wenyewe wanaita brauni. Anayezitunza ni Kakuta, mtu mzima mrefu mwenye shuka na viatu vya mpira. Anaburuta kipande cha zulia kukuu, anazunguka nacho polepole, anafuta alama zote. Ng'ombe wake wanachungwa pale pale uwanjani, na kilabu hakilalamiki, kwa sababu ndio wanaopunguza nyasi.

Brauni ya shindano iko kwenye mwinuko. Upande wa mashariki hakuna kitu. Hakuna mti, hakuna nyumba. Upepo unatoka Mashuuru unakuja moja kwa moja kwenye suruali yako. Nimepiga mipira kumi. Yote ilianza vizuri, ikafika karibu na shimo, ikachoka, ikapinda kwenda magharibi. Sawasawa na maandazi yalivyosema!

Halafu ng'ombe wa Kakuta wakapita upande wa mashariki, kama arobaini hivi, wamebanana. Upepo ukakatika. Nikapiga. Mpira ukaenda mnyoofu, ukaingia! Mpira wangu wa kwanza maishani! Nimepiga yowe, ng'ombe wote wakageuka kunitazama.

Na mimi nikawatazama wao. Ukuta! Ukuta wa ng'ombe!

Nikamwomba Kakuta awasimamishe pale Jumamosi, wakati wangu ukifika. Akanitazama kwa huruma.

"Ng'ombe si ukuta, rafiki yangu," akasema. "Ng'ombe anaenda penye iko kitu yake."

Nikamuuliza kitu yake ni nini. Akasema nyasi, maji, na magadi. Hasa magadi. Pakiwa na magadi hahitaji kuitwa. Anasikia harufu kutoka mbali, anakuja, na hatoki mpaka yaishe. Nikamuuliza mara mbili kama ana hakika hawatoki. Akasema hata ukipiga.

Nimeandika kwenye kiganja: MAGADI. Sijauosha mkono huo.

Alhamisi, Septemba 4

Lennox anataka kuona pengo la jino. Nimeshinda na pamba mdomoni siku nzima nikiongea kwa ishara. Nimempa mtu mabuti ya saizi mbaya kwa sababu ya ishara.

Jioni nimenunua magadi, debe moja. Yalikuwa mabonge. Nikawaza, bonge ng'ombe atalilamba akamaliza aondoke. Yakiwa unga atalamba muda mrefu. Nikayatwanga kwenye kinu cha Caren mpaka yakawa laini kuliko unga wa ngano. Akili hizo sijui huwa zinatoka wapi!

Maweu hafanyi mazoezi hata kidogo. Anakaa mlangoni na saa yake, mara kwa mara anainua macho kuangalia mifuko yangu ya nailoni kwenye kamba. Nilimwonea huruma, halafu nikaacha. Nikamwendea kama jirani mwema, nikamwambia kwamba kule Kajiado upepo hutulia kabisa adhuhuri, kwa hiyo aombe kucheza wa mwisho. Uongo mtupu! Adhuhuri ndiyo unang'oa mabati. Akanishukuru sana. Akanipa na muhindi wa kuchoma. Niliula nikimcheka.

Caren anauliza nikishinda huyo ng'ombe atalala wapi. Maswali madogo madogo.

Ijumaa, Septemba 5

Kazi imekamilika. Lennox amenipa ruhusa mwenyewe, amesema pamba inamtia kichefuchefu.

Nimefika uwanjani saa tisa. Kakuta alikuwa upande wa pili akipaka chokaa. Nikapima hatua ishirini mashariki ya brauni, nikamwaga magadi yangu kwa mstari mzuri, mrefu kama ukuta wenyewe utakavyokuwa. Upepo ulikuwa mkali mno. Unga mwingine ulinipita masikioni ukaenda zake upande wa brauni, ikabidi nifumbe macho. Nilipofumbua, mstari ulikuwa umepungua kiasi. Nadhani umeshika ardhini vizuri.

Niliporudi nimelala kidogo jioni hii nikaota Mama anamkamua Malkia na kuniita mtoto wa maana. Nimeamka nikiwa na machozi. Tangu Baba afariki, Mama hajanisifu kwa kitu nilichokifanya kweli. Labda kwa sababu sijafanya. Lakini kesho!

Jumamosi, Septemba 6

Niandike taratibu.

Tulifika asubuhi, kila mtu na mfuko wake wa simiti begani. Suti yangu ya harusi sasa ni ya kijivu. Ng'ombe alikuwa amefungwa kivulini na utepe shingoni: mweusi na mabaka meupe, kiwele kimejaa, macho ya huruma. Nikamnong'oneza kwamba anaitwa Malkia. Alinikubali, niliona.

Anayesimamia shindano ni Madam Phylis, katibu wa kilabu, aliyewahi kufundisha hesabu kwa miaka thelathini. Ana kitabu cha sheria kimefungwa na kamba kiunoni. Akaeleza: kila mchezaji mipira mitano kutoka alama tano, mapigo yanajumlishwa, mwenye machache ndiye mshindi. Maweu akaomba kucheza wa mwisho. Nilijibana nisicheke.

Mimi nilikuwa wa tisa. Upepo saa nne, kama nilivyoandika! Mifuko ya nailoni kwenye miiba yote imesimama wima. Mipira ya watu inaelea magharibi. Diwani mmoja alipiga mapigo saba kwa mpira mmoja akasema shimo limehamishwa.

Zamu yangu ikafika. Nikaangalia mashariki. Hakuna ng'ombe. Nikapiga mpira wa kwanza, wa pili. Nikaangalia tena. Vumbi! Wanakuja! Kakuta alikuwa amewapeleka mbali kwa heshima ya harambee, lakini wamesikia harufu, wanakuja wenyewe, mbio, arobaini wote. Moyo wangu uliimba.

Wakafika kwenye mstari wangu. Wakaupita.

Wakaupita kabisa! Hawakusimama hata kuunusa. Wakapanda brauni, wakanizunguka, wakainamisha vichwa na kuanza kulamba. Magadi yote yalikuwa pale! Upepo ulikuwa umeyahamisha jana kutoka kwenye mstari mpaka brauni, na ile oili ikayashika vizuri. Ng'ombe arobaini wanalamba uwanja wa gofu kwa furaha, ndimi nyeusi kwa oili, na mimi katikati nimeshika fimbo ya mtu wa shoto. Mmoja alilamba viatu vyangu. Mwingine alilamba mpira wa tatu akausogeza karibu na shimo, na mimi nikauliza kama unahesabiwa. Madam Phylis akasema hauhesabiwi.

Hawakutoka. Hata kwa kupigwa. Kakuta alikuwa amesema kweli.

Saa nzima! Walipomaliza, Kakuta akagusa mchanga, akaonja kidole, akanitazama. Nikatazama mawingu. Akaleta zulia lake, akawa anaburuta na kuzunguka, anaburuta na kuzunguka, mabega yanatikisika. Nilidhani amekasirika. Kumbe anacheka.

Tukaendelea. Na hapa ndipo pa ajabu. Brauni iliyolambwa na kuburutwa upya ilikuwa laini ajabu, na mimi nilikuwa sina hofu tena, maana aibu ilikuwa imeisha yote. Mpira wa tatu, mapigo mawili. Wa nne, mawili. Wa tano nikausukuma kutoka mbali, ukatambaa, ukatambaa, ukasimama kwenye mdomo wa shimo. Mdomoni kabisa! Watu waliguna. Mapigo kumi mpaka hapo. Nikigusa tu, kumi na moja. Aliyekuwa anaongoza alikuwa na kumi na tano!

Nikasimama, nikapanga miguu, nikaweka fimbo nyuma ya mpira. Halafu nikawaza, Caren ameona? Nikageuka kumpungia mkono. Nilipokuwa nampungia, upepo ukavuma, mpira ukaingia wenyewe.

Nilicheza! Nilimkumbatia diwani! Hata pigo la mwisho sikulihitaji, kumi tu! Madam Phylis akafungua kitabu. Akasoma kwa sauti ya darasani kwamba mchezaji akishasimama na kuweka fimbo yake, mpira ukisogea, hata kwa upepo, kosa ni lake. Pigo moja la adhabu, na mpira unarudishwa pale ulipokuwa. Nikarudisha. Nikaugusa. Kumi na mbili. Nikasema liwe liwalo, bado naongoza.

Kisha Maweu. Adhuhuri. Mabati ya kilabu yanapiga kelele. Akaja na fimbo ya kuazima, akasimama juu ya mpira akatanua miguu kama mtu anayechimba shimo la choo. Hakupiga. Akangoja. Watu wakakohoa. Akangoja. Anatazama mifuko ya nailoni kwenye miiba. Ghafla mifuko ikalegea, ikalala, kwa muda mfupi tu. Akapiga. Hivyo hivyo mipira yote mitano. Alitumia muda ambao mwingine angejenga ile zahanati. Kumi na mbili!

Sare. Mpira mmoja kila mtu, atakayekuwa karibu na shimo achukue ng'ombe. Mimi kwanza. Nikapima upepo kwa kidole, kwa kitambaa, kwa masikio. Nikaamua nilenge pembeni kabisa, hatua mbili mashariki, upepo uulete. Nikapiga vizuri kuliko siku zote. Na upepo ukatulia! Dakika ile ile! Mpira ukaenda mnyoofu mahali nilipoulenga, ukasimama chini ya kiti cha Madam Phylis.

Maweu akangoja. Akapiga. Ukaingia.

Baadaye nikamuuliza amejifunzia wapi. Akatoa mfukoni karatasi yenye mafuta ya maandazi. Nusu ya pili! Imeandikwa: tanua miguu, jishushe, na usipige mpaka upepo utulie. Basi! Hiyo ndiyo siri? Kungoja? Hiyo si siri, hiyo ni uvivu. Akaniambia mifuko yangu kwenye kamba ilimsaidia sana kujua kwamba hata upepo mkali hupumzika. Akanishukuru tena.

Kesho Mama.

Jumapili, Septemba 7

Mama amefika. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa kipya kichwani, kuku wawili kwenye kikapu. Nilikuwa nimepanga kusema Malkia ameenda kwa daktari. Nilikuwa na maneno yote tayari.

Tukaingia lango la ploti. Maweu hana boma, kwa hiyo alikuwa amemfunga ng'ombe wake kwenye nguzo ya tangi la maji. Mama akasimama. Akaweka kikapu chini. Akasema, "Ndiye huyu?"

Mdomo wangu ukasema ndiyo. Mimi sikuwa nimeamua.

Mama akamwendea, akampapasa shingo, akasema naye Kiluhya muda mrefu. Maweu alikuwa mlangoni na saa yake, anasikia yote. Akanitazama. Nikamtazama kwa macho ya mtu anayezama. Tukakutana nyuma ya choo. Masharti yake: atanyamaza wiki nzima, mimi nikate majani, nisafishe kinyesi, nichote maji, na kila jioni akirudi nisimame langoni niseme "Karibu nyumbani, bingwa." Kwa sauti.

Nimekubali mara moja. Ushindi mkubwa! Caren ananiambia nina wazimu. Lakini ng'ombe yuko, Mama yuko, na ng'ombe anatazamwa na Mama. Shindano nimelishinda kwa njia nyingine.

Jumatano, Septemba 10

Mgongo! Sikujua ng'ombe mmoja anaweza kutoa vitu vingi hivi.

Mama anamkamua mwenyewe asubuhi na jioni. Tatizo ni maziwa, maana ni ya Maweu. Nikamwambia Mama kwamba mimi hugawa ndoo yote ya kwanza kwa jirani asiyejiweza. Akatazama ndoo, akasema ni vizuri. Ya chai yetu nanunua ya pakiti dukani, nayamimina kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Leo Mama ameonja akasema ng'ombe wangu ni wa ajabu, maziwa yake yanatoka baridi. Caren alikimbilia chumbani. Nilisikia akicheka ndani ya mto.

Mama ameuliza pia wale ndama wawili wako wapi. Nimesema Illasit, kwa rafiki, kule kuna majani. Akauliza rafiki anaitwa nani. Nikasema Kakuta. Akatikisa kichwa.

Kila jioni, "Karibu nyumbani, bingwa." Mama ameuliza ni bingwa wa nini. Nikasema wa kungoja. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Jumamosi, Septemba 13

Mama ameondoka leo asubuhi. Nilimsindikiza mpaka steji. Nilikuwa na furaha kupita kiasi, nimevuka wiki nzima bila kukamatwa. Kabla ya kupanda akanishika mkono wa suti, ule wenye simiti.

"Wakhungu," akaniita kwa jina langu, "ng'ombe wa barua alikuwa mwekundu."

Rangi! Miaka minne nimeandika mwekundu! Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikamwambia Mama, upepo wa huku ni mkali, na vumbi, na jua, ng'ombe anabadilika rangi pole pole.

Alicheka. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya steji, mpaka utingo akamuuliza kama anaumwa. Akapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Mimi niko na ng'ombe wawili nyumbani, papa," akasema, akiniita kama nilipokuwa mtoto. "Sikuja kuona ng'ombe. Nilikuja kukuona wewe. Na nilikaa wiki nzima nikingoja uniambie."

Akaniambia pia kwamba nakata majani vizuri, kwamba amenitazama kila asubuhi nikibeba maji, na hicho atawaambia watu wa kanisa. Kisha akapanda. Alinipungia mpaka mwisho wa barabara.

Nimerudi kwa miguu. Nimelia kidogo njiani. Kulikuwa na upepo pia, na vumbi, lakini nimelia. Nimemwambia Caren kila kitu. Hakunicheka. Akasema, mwandikie ukweli, Baba Elsie, kesho tu. Nimeahidi. Nimeinua mkono nikaapa.

Jumapili, Septemba 14

Baada ya kanisa nimekaa mezani na kalamu mpya. Moyo mweupe. Sitaandika tena hata neno moja la uongo. Nimeanza hivi:

"Mama mpendwa, ni kweli. Yule hakuwa ng'ombe wangu. Malkia sina."

Nimesoma nikaona ni fupi. Tena ni chungu, na Mama ana umri. Mtu hawezi kupokea habari kama hiyo bila maelezo. Nikaongeza:

"Malkia nilimuuza mwezi wa Julai, ili ninunue tangi la maji la lita elfu kumi."

Ukweli unapendeza ukiuanza vizuri! Bila kujua nimejaza ukurasa mzima. Tangi ni la kijani. Lina mabomba mawili. Hapana, rangi nimeifuta. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na mimi ni mtu wa kujifunza.

Nimefunga bahasha. Mwishoni nimemkaribisha Krismasi aje alione.

Isitoshe, Kakuta alipita hapa leo kusalimia, na kuuliza kama nitaleta magadi tena, maana ng'ombe wake hawajawahi kufurahi vile. Akaniachia tangazo. Kilabu kina shindano lingine la kupati Desemba, kumalizia paa la zahanati. Zawadi ya kwanza: tangi la maji!!

Nimeshafunga mifuko kwenye kamba. Maweu amekuja mlangoni na saa yake, ananitazama. Nimemwambia kama jirani mwema kwamba Desemba hakuna upepo kabisa.